Jiki imekula herufi mbili

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Kaeni vizuri niwape.

Nafanya kazi kwenye duka la kufulia hapa mtaa wa Gerezani, tuna mashine zile kubwa za mashuka ya gesti. Mimi na mama mkwe tulikuwa hatusemezani tangu Idi, kisa nilisema pilau yake ina chumvi (ilikuwa nayo, lakini nani alinituma?). Mume wangu kabembeleza wee, mama akakubali kunipitia kazini leo tuyamalize. Asubuhi nikakimbia Kariakoo, nikanunua doti ya kanga nyeupe yenye maua ya zambarau, imeandikwa SINA UGOMVI NAWE MAMA MKWE. Nikajiona mjanja kweli.

Kufika kazini, nikaimwagia chai.

Haraka nikaitumbukiza kwenye mashine. Bosi wangu, Mama Neema, kila siku anatuimbia: jiki inapimwa kwa kikombe, inamiminwa kwenye kidroo chake ili mashine iichanganye na maji kwanza, na ni ya nguo nyeupe tupu. Nikasema, kwani hii si nyeupe? Nikamimina jiki moja kwa moja juu ya kanga. Kwa kukadiria.

Doa likatoka. Nikaikausha, nikaikunja, nikaifunga utepe. Kusoma tena? Nisome nini, maneno si nayajua.

Mama mkwe akafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." (Ile ya kubana meno.)

Nikampa zawadi kwa mikono miwili. Akaifungua mbele ya Mama Neema na wateja, akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Na ugomvi nawe mama mkwe."

Nikachungulia. Jiki ilikuwa imekula ile SI. Hiyo tu.

"Mama, sivyo, ni jiki hiyo."

"Jiki ndiyo inagombana na mimi?"

Mama Neema naye: "Uliweka kwenye kidroo?" (Bosi, kweli, sasa hivi?)

Nikakunjua kipande cha pili cha doti. Afadhali, huko SINA ilikuwa nzima. Mama mkwe akasoma huku, akasoma kule. Mabega yakaanza kumcheza. Kumbe anacheka, mpaka miwani ikamdondoka. Nilifurahi nikatokwa na machozi.

Kisha akaomba mkasi, akaikata doti katikati. Kipande kizima akajifunga yeye. Kilicholiwa akanifunga mimi kiunoni, kwa mikono yake.

"Haya, nisindikize kituoni."

Tumetembea hadi kituo cha mwendokasi tumeshikana mikono, huku nyuma yangu pametangazwa vita. Muuza spea mmoja akaniita: "Dada, si mngeyamalizia nyumbani?"

"Tumeshayamaliza," mama akamjibu. "Hii ni adhabu."

Naombeni msicheke. Jumapili wifi yangu anaolewa, na mama ameshasema sare yangu ni hiyo hiyo.