Mkono wa Chini, Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Siku imeharibika kabla ya chai. Ujumbe kwenye simu, kutoka kampuni iliyotengeneza gari langu. Wanayaita magari yote ya aina ya langu yarudi kwa wakala wao. Yana kasoro mbele, chini, kwenye chuma kinachoshika gurudumu. Wanakiita mkono wa chini. Kiliungwa vibaya kiwandani, na chaweza kukatika gari likiwa mwendoni. Kitabadilishwa bure. Mpaka hapo nisiliendeshe.

Bure! Neno hilo halijawahi kuniletea heri. Nilimpigia wakala. Dada wa mapokezi, kwa sauti ya usingizi, akaniambia vipuri ni haba na magari ni mengi, hivyo nikilileta leo huenda likalala kwao wiki nzima.

Wiki nzima! Na Jumamosi hii mama mkwe anatoka hospitali. Amewekewa nyonga mpya, ya chuma, na daktari ameagiza asirushwerushwe njiani. Atakayemrudisha nyumbani taratibu, akamfungulia mlango, akambebea mkoba, ndiye atakayekumbukwa siku ya kuamua nani apewe chumba chake cha mbele, kile kinachotazama barabara. Mwenyewe hajasema hivyo. Lakini mimi namjua.

Chumba kile ndicho dawa yangu. Magodoro ninayouza yamejaa sebuleni mpaka darini, tunapita ubavu kwenda jikoni. Jana mke wangu alikula amesimama. Kisha akaniambia kwa upole, upole wake ule mbaya, kwamba mwezi huu ukiisha ama yatatoka magodoro ama atatoka yeye.

Kwa hiyo gari haliendi kwa wakala. Ujumbe nimeufuta. Gari lenyewe halijui kusoma.

Jumanne, 4 Machi

Gari limeanza kulia. Nikikata kona, kwi. Nikipanda tuta, kwi-kwi-ko. Au lilikuwa likilia siku zote nami sina habari? Watu wa kampuni wameniharibia masikio.

Nimerudi nyumbani nikamkuta mwanyumba wangu. Huyu kamuoa dada wa mke wangu. Kazi yake ni fundi miwani, na mimi humwita Bwana Maelekezo, kwa sababu husoma maelekezo ya kila kitu, hata ya sabuni. Naye anakitaka chumba cha mama mkwe, eti afungue duka lake mwenyewe. Alikuwa amekaa juu ya magodoro, miguu inaning'inia, anamweleza mke wangu kwamba Jumamosi atamfuata mama yeye, maana gari lake ni tulivu.

Tulivu! Gari lake na langu ni kitu kimoja. Tulinunua siku moja, yadi moja, rangi moja. Yeye alichagua kwanza, nami nikachukua lililokuwa ubavuni kwake ili asinipite. Hata namba za chesisi zinafuatana.

Nilikuwa napiga mswaki wazo liliponishukia. Zinafuatana! Basi na lake lina kasoro. Ujumbe haukumfikia kwa kuwa alibadilisha namba ya simu na kampuni haikujua. Na mtu huyu, akisikia tu neno kasoro, hatalala mpaka alipeleke kwa wakala. Huko litakaa wiki nzima. Jumamosi atakuwa anatembea kwa miguu.

Nilicheka mpaka nikameza dawa ya meno.

Jumatano, 5 Machi

Nimemfuata kazini kwake. Nilivaa uso wa msiba. Nikamwambia nimepata habari kwamba magari ya aina yake yana kasoro, chuma cha mbele chaweza kukatika, na mimi kama ndugu nimeshindwa kukaa kimya. Sikusema uwongo hata mmoja.

Akaniuliza, na lako je? Nikasema la kwangu nimeshalishughulikia. Huo nao si uwongo. Ujumbe niliufuta kwa kidole changu mwenyewe.

Alivua miwani akaifuta. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema miaka yote hii alidhani simpendi. Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Alifunga kazi saa ile ile akaondoka kwenda kwa wakala, taa zote nne zinawakawaka, mwendo wa kobe, watu nyuma wanapiga honi. Nilisimama kando ya barabara nikampungia. Sijawahi kumpungia mtu kwa moyo mkunjufu namna ile.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda wodini kumjulia hali mama mkwe na kuandaa mazingira. Nilimkuta anafanya mazoezi ya kutembea na fimbo, anahesabu vigae vya sakafuni. Nilimwambia Jumamosi asiwe na wasiwasi, nitamfuata mimi, mwanyumba gari lake ni bovu, liko gereji, maskini.

Hakufurahi wala hakukasirika. Alikaa kitandani polepole, akaupapasa ubavu wake.

"Baba, mimi simwangalii anayenifuata," akasema. "Naangalia nifike. Nyonga hii sitaweza kupasuliwa mara ya pili."

Nikamwambia kwa gari langu atadhani yuko kitandani. Maneno yakanifungua akili. Kitandani! Mimi si muuza magodoro?

Nimerudi nimechagua godoro dogo, sampuli, laini kuliko yote. Linaenea vizuri sana kwenye kiti cha mbele.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeibiwa! Bwana Maelekezo amerudishiwa gari lake. Kanipigia simu kunishukuru tena. Kumbe kwa wakala seti ya vipuri ilikuwa imebaki moja, na kwa kuwa aliwahi, wakamfungia yeye. Zinazofuata mpaka wiki ijayo. Na gari wamemwoshea!

Seti yangu hiyo. Nimemtuma kwa mdomo wangu mwenyewe akaichukue.

Nimepiga moyo konde. Bado nafasi ninayo. Karatasi ya hospitali inasema mgonjwa achukuliwe saa nne, na Bwana Maelekezo atafika saa nne, hata dakika moja kabla hathubutu. Mimi nitafika saa mbili.

Mchana nimempelekea gari fundi wa mtaani, anipunguzie kelele tu. Alilala chini yake, akatoka, akaniuliza kama nina watoto. Nikasema ninao. Akaniambia basi waende shule kwa miguu. Kisha akajifuta mikono na kukataa kuligusa, eti kazi hii ni ya wakala. Kumbe fundi mwenyewe mwoga! Nimenunua grisi nikapaka mwenyewe, kila nilipoona chuma. Kelele imepungua. Au imehama.

Mke wangu alinichungulia dirishani nikiwa nimelala uvunguni mwa gari, grisi mpaka kwenye nyusi. Alifunga pazia.

Jumamosi, 8 Machi

Grisi bado imo kuchani. Naandika hivyo hivyo.

Saa mbili nilikuwa wodini. Daktari alikuwa ameshapita, ruhusa tayari. Mama mkwe amekaa, mkoba magotini. Akasema anamsubiri mwenzangu, maana jana alimpigia simu kwamba gari lake limepona. Nikasema mwenzangu kachelewa. Na kweli, kwa saa yangu mimi alikuwa kachelewa.

Muuguzi alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka nje. Alipoliona godoro akanisifu. Mama mkwe alikaa, akajisogeza kidogo, akasema pamekaa vizuri. Pamekaa vizuri! Nikaanza kuona kibao cha duka langu juu ya dirisha la chumba cha mbele, herufi nyekundu.

Niliwasha muziki ili ufunike kelele. Akaniomba nizime. Akauliza ni nini kinacholia. Nikasema gari la nyuma yetu. Akageuka polepole kutazama. Nyuma yetu kulikuwa na bustani.

Langoni mwa hospitali kuna tuta. Nililipanda pole pole, naapa, mtoto mchanga asingeamka. Pakalia ko. Moja tu, kubwa. Gari likapiga goti upande wa kushoto, gurudumu likalala kifudifudi chini ya bodi, nami nikajikuta nimemwegemea mama mkwe begani. Mama mkwe!

Yeye hakupiga kelele. Niliyepiga kelele ni mimi. Nilidhani nyonga imekwenda. Nilimwita mama, mama, umeumia wapi, na wakati ule sikukumbuka chumba wala magodoro. Niliogopa tu, basi. Hatua chache mbele ya lango ndipo inapoanza barabara kuu, kule malori hayapunguzi mwendo. Lingekatikia huko... Sitaki kuandika.

Walimrudisha ndani, wakampiga picha ya nyonga. Nilisubiri kwenye benchi nimekumbatia godoro. Nyonga ni nzima. Nililia kidogo, sababu ya vumbi.

Saa nne kamili, tumesharudi naye langoni, Bwana Maelekezo akatokea, na wake zetu wote wawili. Aliliona gari langu limeinama langoni, akanijia mbio, akanikumbatia. Laiti angeishia hapo! Mbele ya mama mkwe, mbele ya mke wangu, mbele ya mlinzi wa lango, akaanza kunisifu. Akasimulia jinsi nilivyomfuata kazini kumtahadharisha juu ya chuma hiki hiki. Kwamba bila mimi, lake ndilo lingelala pale. Kwamba ndugu wa namna yangu hapatikani. Nilimkonyeza. Akadhani machozi yananilenga, akanipa leso.

Mama mkwe alinitazama.

"La mwenzio ulilijua," akasema. "Na lako?"

Nikasema nilisikiasikia tu, juu juu.

Bwana Maelekezo akawahi kunitetea. "La kwake alishalishughulikia, mama. Aliniambia mwenyewe."

Wote wakageuka kulitazama gari langu. Nami nikalitazama, ningefanyaje? Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mama mkwe akamwomba Bwana Maelekezo amsaidie kupanda lake. Godoro akaenda nalo.

Jumapili, 9 Machi

Gari limevutwa mpaka kwa wakala. Watoto wananikwepa, sijui wameambiwa nini.

Mke wangu kazungumza nami mara moja. Mimi nilikuwa upande huu wa magodoro, yeye upande ule, sauti tu ndiyo iliyonifikia.

"Aliyekuwa mle ndani ni mama yangu."

Nimetafuta jibu mchana kutwa. Nimeanza la kwanza, kwamba nilikwenda taratibu. Nikaliacha. La pili lilihusu uhaba wa vipuri. Nikaliacha nalo. Mwisho nikainuka, nikabeba magodoro mawili nikayapeleka varandani, ili apate pa kuweka kiti. Hakuniambia asante. Lakini alikaa.

Nimejifunza. Naandika hapa ili isomeke: nimejifunza. Sitacheza tena na jambo la usalama.

Alhamisi, 13 Machi

Neema! Mama mkwe hajakitoa chumba! Mke wangu kaleta habari leo. Tena amelalia godoro langu siku zote hizi, anasema hajapata usingizi kama huo tangu apasuliwe. Anataka kubwa la aina ile ile. Nimpelekee, kasema, siku nitakapopata gari zima. Neno zima mke wangu alilirudia mara mbili, sijui kwa nini.

Nikaenda mbio kwa wakala. Na gari liko tayari! Yaani, karibu. Fundi wao alinionyesha mkono mpya wa kushoto, unang'aa. Wa kulia bado ni ule wa zamani, akasema, nao una kasoro ile ile, na kipuri chake kitafika Jumatatu. Gari lisitoke mpaka Jumatatu.

Hapo ndipo watu hawa wanaponichosha. Nilimuuliza, kwa adabu, chuma kilichokatika kilikuwa cha upande gani. Akasema kushoto. Nikamuuliza cha kulia kimewahi kukatika. Akasema bado. Basi, nikamwambia, umejijibu mwenyewe. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akamwita dada wa mapokezi, na mwisho nikatia sahihi kwamba nimeondoka nalo kwa hiari yangu na wao hawahusiki.

Maana kesho mama mkwe anarudi hospitali kuangaliwa nyonga. Bwana Maelekezo ameandikiwa kumfuata saa tatu, kwa hiyo atafika saa tatu. Saa moja mimi nitakuwa mlangoni na godoro jipya juu ya gari. Gari lipo, mimi nipo, itakuwa kukosa adabu asipande.

Nimelijaribu jioni hii. Upande wa kushoto, kimya kabisa. Wa kulia, kwi kidogo tu, nikikata kona. Na wasije wakasema sikufikiria usalama, nimefikiria: kulia ni upande wangu mimi dereva. Mama mkwe atakaa kushoto, juu ya chuma kipya.