Jipu la Winga wa Kushoto

Jumatatu, 6 Mei
Kocha ametangaza: basi la kwenda kwenye fainali lina nafasi moja tu ya mhudumu. Mkandaji au mtunza jezi. Yaani mimi, mwenye mikono hii, nishindanishwe na mkunja soksi! Na mkunja soksi mwenyewe ni nani? Shemeji. Mdogo wake mke wangu. Nyumbani yupo, kazini yupo. Mwanangu ndiye winga wa kushoto, na hii ni fainali yake ya kwanza. Nisipokuwa kando ya uwanja siku hiyo, ubaba wangu una maana gani?

Jumanne, 7 Mei
Kipa ana jipu pajani. Beki mmoja analo shingoni. Riziki imejileta yenyewe! Majipu yatoke wapi kama si kwenye jezi? Nimekaa juu ya meza ya kukandia, kidole puani kama kawaida yangu nikiwa na mawazo, na mpango ukaja. Barua isiyo na jina kwa Kocha: mtunza jezi anafua kwa maji ya jana. Nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Kisha nikaenda kumkanda kipa.

Alhamisi, 9 Mei
Kocha kaisoma barua mbele ya wote. Akasema aliyeiandika ana wivu, na mwandiko wake kama kuku kachakura. Kicheko! Mwanangu ndiye aliyecheka zaidi. Shemeji hakucheka. Alichemsha jezi zote kwenye pipa, akazianika juani, akampa kila mchezaji taulo lake lenye namba. Sasa wanamwita Profesa. Mimi miaka kumi na moja hapa, hakuna aliyewahi kunipa jina. Nimebaki na taulo langu moja la mezani. Limezoea kazi.

Jumamosi, 11 Mei
Majipu matano! Na mataulo ya Profesa yanatumika! Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kidogo. Halafu mwanangu akanionyesha nyuma ya goti. Jipu dogo, jekundu, limetuna, bado gumu. Akasema mjomba amemshauri aende kwa nesi. Mjomba! Baba yupo, mikono ipo, mtoto apelekwe kwa nesi? Nikamwambia alale kifudifudi, nikalikamua. Alipiga kelele. Haukutoka usaha, ilitoka damu tu. Nikamwonya asimwambie mama yake wala mjomba wake. Akakubali. Ni mtoto mtiifu, hilo siwezi kulikana.

Jumatatu, 13 Mei
Mambo si mazuri. Wekundu umepanda mpaka pajani, ngozi inawaka moto, na homa juu. Jana nimemkanda asubuhi na jioni ili uvimbe utawanyike. Umetawanyika kweli. Leo Shemeji kamwona anachechemea, kiherehere kikampanda, kamwita nesi. Nesi kaja na vijiti vyenye pamba, akatuchokonoa pua mmoja mmoja. Nikauliza pua na goti vina undugu gani. Akaeleza kwamba kuna watu wanaokaa na vijidudu vya majipu puani bila wenyewe kuumwa. Mkono ukitoka puani ukagusa ngozi iliyochubuka, vimeshapata makao. Nilimkazia macho Shemeji muda wote wa maelezo hayo.

Kisha nesi akauliza nani amelikamua lile jipu, maana kukamua ndiko kulikovisukuma ndani ya nyama. Mwanangu akanitazama. Akasema ni yeye mwenyewe. Wakampeleka hospitali.

Ijumaa, 17 Mei
Majibu ya pua yametoka. Shemeji, safi. Kocha, safi. Mimi ninavyo. Tena vingi ajabu, nesi alisema, kana kwamba ananisifu. Kanipa dawa ya kupaka puani na kunipiga marufuku kumgusa mchezaji yeyote mpaka anipime tena. Nikamwambia sijawahi kuota jipu maishani mwangu, sasa iweje yawe yangu? Akasema ndivyo ilivyo. Shemeji akanishika bega, akaniambia pole kaka. Nilimwambia akakunje soksi. Nafasi ya basi kapewa yeye.

Jumapili, 19 Mei
Tumefungwa moja bila. Nimesikiliza redioni, kando ya kitanda cha mwanangu. Juzi daktari alimpasua paja, akatoa usaha, kidonda kimeachwa wazi. Nilimuuliza kama atacheza tena. Alisema tusubiri, na hakunitazama usoni.

Tangu kipindi cha kwanza mwanangu alikuwa ameelekea ukutani. Filimbi ya mwisho ilipolia, mabega yakaanza kumtikisika. Nikasogea nimkande mgongo, sijui namna nyingine ya kumbembeleza mtu. Akaniomba, bila kugeuka, nisimguse. Alisema tafadhali, baba. Afadhali angenitukana.

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la ukumbini, nikalia. Mtoto amelishwa maneno na mjomba wake, hilo liko wazi. Nilipokuwa nafuta machozi, mgonjwa wa kitanda cha pili akaja kukaa karibu yangu. Ana uvimbe mwekundu kwenye kiwiko, siku mbili hajalala kwa maumivu, na daktari hajampitia bado. Alikuwa ameniona nikitaka kumkanda mwanangu, akaniuliza kama mimi ni mtu wa kazi hizo. Nikamwambia nina uzoefu wa miaka kumi na moja, alete mkono.