Shingo ya Meja

Jumanne, 3 Mei 1994. Kilosa.
Nimepata wazo kubwa. Yudith, bibi shamba wetu, anatafuta mfugaji mmoja wa kupeleka kuku wa kishingo kwenye maonyesho ya Nane Nane, Morogoro. Jirani yangu Wenceslaus ana jogoo wa kishingo, shingo tupu tangu kutotolewa, na tayari anatembea kama aliyechaguliwa. Mimi nina Meja, mwenye manyoya mpaka masikioni. Hakuna tabu. Nitamnyonyoa shingo, na vifaranga wake watamrithi. Zama hizi za soko huria zinataka watu wenye akili. Nipo.

Jumatano, 4 Mei.
Meja amenyonyolewa. Kanidonoa mikono yote miwili. Mke wangu Doris, ambaye kwao ni Lumuma, akauliza: kama mambo ndivyo yalivyo, mbona wanaume wa kwao wanapelekwa jando tangu enzi za mababu, na watoto bado wanazaliwa wakimhitaji ngariba? Nikamjibu kuwa ngariba anakata kidogo mno. Akaenda zake akicheka. Sikukasirika. Wagunduzi wote huchekwa na wake zao.

Jumamosi, 14 Mei.
Manyoya ya Meja yanaota tena. Nimenyonyoa upya. Halafu nikamkuta jogoo wa Wenceslaus nyuma ya banda na tetea wangu. Karuka ua, mwizi wa pumba mkubwa! Nikamfukuza, nikajikwaa, nikaanguka kifudifudi. Jino la mbele limekwenda. Wenceslaus alinipa pole kwa sauti ya furaha.

Jumapili, 22 Mei.
Tetea ameanza kuatamia. Jogoo wa Wenceslaus alikuwa hapa karibu kila siku. Nadhani anakuja kujifunza kwa Meja.

Jumapili, 12 Juni.
Tetea katotoa! Nusu ya vifaranga shingo tupu. Ibada imenipita kwa furaha. Nikamwita Wenceslaus aje aone. Akatazama vifaranga, akamtazama jogoo wake juu ya ua, akarudi kwake. Nimemmaliza.

Jumatatu, 13 Juni.
Yudith amekuja. Anasema kifaranga hurithi kilichomo ndani ya mbegu ya baba na yai la mama, na manyoya ya kung'olewa kwa mkono hayamo. Nusu wametoka shingo tupu kwa sababu baba yao naye alirithi kishingo kwa mzazi mmoja tu. Akauliza ni jogoo gani mwingine hupita hapa. Doris akanyoosha kidole kwa Wenceslaus. Mke wangu wa ndoa! Basi Wenceslaus ndiye anayekwenda Morogoro. Imeniuma sana. Leo nalala bila kula.

Ijumaa, 17 Juni.
Doris ana mimba. Uchungu wote umeniisha. Nimewatangazia majirani kuwa mtoto atazaliwa na pengo kama langu, mbele, upande ule ule. Doris anasema watoto wote huzaliwa vibogoyo. Anatafuta pa kujitetea tu. Nimemwalika Yudith, na hata Wenceslaus. Siku hiyo nitamfungua mtoto mdomo wajionee wenyewe.