Maua ya Festo Kwenye Ukuta Wangu

Alhamisi, 6 Juni 2024

Miaka kumi na moja picha yangu ya maua imetawala ukuta wa ukumbi wa parokia. Leo imeshushwa! Mahali pake pana maua ya Festo, mwalimu wa sanaa, ambaye hata hakuyachora. Ni nakala ya picha ya Mfaransa wa zamani: mawaridi kwenye chombo. Nimesogea mpaka pua ikagusa kioo. Madoa matupu! Festo anasema watu wale hawakuchora ua, walichora mwanga ulioliangukia. Namwonea wivu, sifichi. Mama Consolatha, mwenyekiti wa ukumbi, amesema Jumapili waumini watachagua picha ya kubaki.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata! Nimewatangazia wanakwaya kwamba ua lililochorwa sawasawa hudanganya hata nyuki. Basi Jumapili madirisha yaachwe wazi, nyuki waamue. Festo amecheka, akakubali. Kajimaliza mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Mke wangu Yustina ameuliza asali yake ya Sikonge imekwenda wapi. Nimesema sijui. Imekwenda kwenye picha yangu, hasa kwenye alizeti.

Jumapili, 9 Juni

Walikuja. Kwanza watatu, na wote kwangu! Nikainua mikono kushangiliwa. Kisha likaja kundi zima. Kina mama wakakimbia na vitenge vichwani, katekista akaruka nje kupitia dirishani. Mimi nikarudi kinyumenyume hadi mlango wa mbali, sikio limevimba. Nikainua macho. Yale madoa yamekuwa mawaridi! Mabichi kabisa, moja limelegea, karibu lipukutike. Sijawahi kuchora hivyo na sitaweza. Nilisimama pale namwonea wivu yule Mfaransa marehemu, mpaka nyuki akaniuma mdomo.

Mama Consolatha aligusa picha yangu, akalamba kidole. "Fundi, hii ni asali ya Yustina." Kura haikuhitajika.

Jumatatu, 10 Juni

Picha yangu iko stoo na sisimizi. Nimeomba radhi, nikajitolea kupanga ukumbi. Mama Consolatha amefurahi kwamba nimebadilika. Hajui nilichogundua: picha ile huonekana kwa mbali tu. Kwa hiyo kabati la vikombe nimelisukuma katikati ya ukumbi. Sasa hakuna atakayerudi nyuma zaidi ya hatua chache. Wataona madoa, wataidai yangu. Mimi nikitaka kuitazama, nitapanda juu ya kabati.

Leo nimepanda mara tatu.