Vikao Arobaini na Sita vya Kwenda Kisiwani

(Imenukuliwa neno kwa neno sebuleni, Jumamosi saa nne asubuhi, na binti wa pili wa nyumba hii, Kaimu Katibu, kwa kuwa Katibu mwenyewe, yaani mama, ametoa udhuru na kwenda kwa mdogo wake tangu Alhamisi. Mwenyekiti, yaani baba, mkuu mstaafu wa kitengo cha mipango, anahutubia nyuma ya meza ya kupigia pasi iliyotandikwa kitambaa. Amevaa suti na tai, na juu ya paji la uso ana miwani ya kuzamia. Hotuba ameandikiwa na Katibu, kama kawaida, na kama kawaida hajaipitia.)

Mheshimiwa Mama Mkwe, Mlezi wa Kamati, Mheshimiwa Mwanangu Mkubwa, Mjumbe anayeshughulikia Mizigo na Uchukuzi, Mheshimiwa Mke wa Mwanangu, Mkuu wa Dawati la Kofia na Mafuta ya Jua, Mheshimiwa Mpangaji wa Chumba cha Nyuma, Mwangalizi Huru, Kaimu Katibu, wageni waalikwa, ambao hawakuja, wanahabari, ambao hawakualikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mama mkwe, yaani bibi yetu mzaa mama, ameuliza kama chai ni kabla au baada.)

Awali ya yote, napenda kuchukua fursa hii adhimu, adimu na ya aina yake kujipongeza mimi mwenyewe, kwa niaba yenu, kwa kuiongoza Kamati ya Maandalizi ya Likizo ya Familia ya Kuzamia kwa Mtungi wa Hewa na Kuogelea kwa Mrija, ambayo tangu nilipostaafu miaka sita iliyopita imefanya vikao arobaini na sita, semina tisa na wokshopu moja ya siku tatu iliyofanyika jikoni, na katika kipindi chote hicho haijapoteza mjumbe hata mmoja baharini. (Makofi marefu.) Rekodi hiyo, ndugu wajumbe, haijapata kufikiwa na familia yoyote ya mtaa huu, hasa zile ambazo zimekuwa zikikurupuka tu, zinafunga mabegi Ijumaa na Jumapili ziko kwenye maji, bila rodimapu, bila kushirikisha stekiholda, bila hata dodoso.

Sisi dodoso tulilifanya. Matokeo yake yanaonyesha kwamba asilimia themanini na tano nukta saba ya wakazi wa nyumba hii wanaiunga mkono bahari kwa kiwango cha juu au cha juu sana, asilimia iliyobaki akiwa ni Mpangaji, ambaye alijaza kwa penseli na hivyo anaweza kufutwa. (Kicheko. Mpangaji amesema yeye alikuja kuazima ndoo tu.) Kwa kuzingatia matokeo hayo, Kamati imepitia orodha ya visiwa kumi na tisa vyenye matumbawe, samaki wa rangi na kasa wasioogopa watu, na baada ya mchakato mpana, shirikishi na wa uwazi uliochukua miaka minne, nina furaha kuwatangazia kwamba orodha hiyo sasa imepunguzwa hadi visiwa kumi na saba. (Makofi. Kaka amehesabu kwa vidole, kisha akaacha.)

Kwa upande wa kapasiti bildingi, mtakumbuka zoezi la kihistoria la uwani, ambapo kila mjumbe alitumbukiza uso kwenye beseni la kufulia kwa sekunde kumi na tano huku akipumua kwa mrija, na asilimia mia moja ya nyuso zilizoingia zilitoka salama, isipokuwa uso wangu, ambao haukuingia kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa ameshika saa. Katibu alivunja rekodi. Alikaa mle dakika nne, mpaka Mlezi akamvuta kwa ukosi wa gauni akidhani tumempoteza, naye alipoinua kichwa alikuwa anacheka, na akaomba arudie. Kamati ilimjibu kwamba ombi lake limepokelewa na linafanyiwa kazi, na napenda kulihakikishia kusanyiko hili kwamba chini ya uongozi wangu mahiri hakuna mwanafamilia atakayeachwa nyuma, ukurasa wa kwanza umeisha, geuza.

(Makofi. Mwenyekiti amegeuza.)

Hapa kunywa maji kidogo.

(Amemimina kutoka kwenye jagi lililo mezani juu ya kitambaa chake kidogo, akanywa.)

(Mwenyekiti ameacha karatasi na kusema ya kwake.) Kabla sijaendelea, ndugu wajumbe, kuna jambo limenisikitisha. Ule mrija, ambao ni mali ya Kamati, pamoja na yale mapezi ya miguuni, havionekani kabatini tangu Jumatano. Simtaji mtu, ila namwangalia Mpangaji. (Mpangaji amesema kwa heshima zote, mzee, apumulie nini kwa mrija chumbani mwake.) Nimeunda kamati ndogo kulichunguza suala hilo, na itawasilisha taarifa ndani ya miezi mitatu. (Mama mkwe amekohoa. Mwenyekiti amerudi kwenye karatasi.)

Ndugu wajumbe, lipo swali ambalo limekuwa likijitokeza katika vikao vyote arobaini na sita, chini ya ajenda ya Mengineyo, nalo liliulizwa na Katibu kila mara, kwa adabu, kalamu ikiwa mkononi: tunaondoka lini? Swali hilo ni zuri. Kamati imelipokea kwa uzito unaostahili na kulihamishia kikao kinachofuata mara arobaini na sita, jambo ambalo linaonyesha ni kwa kiasi gani tunalithamini. Vilevile Kamati inafahamu kwamba nyuma ya mlango wa kabati la vyombo Katibu amebandika picha ya kasa aliyoikata kwenye kalenda, na kwamba daktari ameshauri magoti yake, kama ni ngazi za boti, yazipande mwaka huu, maana mwakani hawezi kuyasemea. Magoti hayo yameingizwa kwenye mpango mkakati. (Hakuna makofi. Wifi yangu, mke wa kaka, ameangalia sakafu.)

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa, natamka rasmi kwamba safari yetu imefikia hatua nzuri, ya kuridhisha na ya kutia moyo, na naomba wote tusimame kwa ajili ya kaulimbiu. Kisiwani! (Tutafika!) Mrijani! (Tutapumua!) Chini ya maji! (Mwenyekiti mbele, sisi nyuma!) Kaeni.

Mwisho kabisa, kwa namna ya pekee, namshukuru Katibu, ambaye ameandika mihtasari yote arobaini na sita kwa mkono wake, ambayo mimi nimeitia saini yote bila kuisoma, ukiwemo ule wa mwezi uliopita, ambao katika ukurasa wa tatu unamruhusu Katibu kutangulia, na ambaye kwa hiyo, hivi ninavyosoma maneno haya, ana mrija mdomoni na uso ndani ya maji, yeye na mdogo wake, katika kisiwa ambacho hakimo kwenye ile orodha yetu ya kumi na saba. (Makofi ya Mpangaji peke yake. Mwenyekiti anaendelea kwa sauti ile ile. Inaonekana maneno bado hayajamfikia.) Natumia fursa hii adhimu kukiri mbele yenu kwamba mradi huu haujawahi kuwepo, kwamba hakuna nafasi iliyowahi kuwekwa wala barua iliyowahi kutumwa, kwamba kilichokuwepo ni vikao tu, na kwamba vikao hivyo viliitishwa kwa sababu mimi, Mwenyekiti, ninaogopa maji.

(Yamemfikia. Ameisogeza karatasi mbali na macho, kisha karibu, kisha akaanza kuikunja.)

(Mama mkwe amesema, "Malizia, mkwe wangu. Hapo ndipo hotuba inapoanza.")

(Ameikunjua. Anasoma polepole.) Ninaogopa maji tangu kabla sijaoa, na mke wangu alilijua hilo wiki ya kwanza ya ndoa, siku niliyokaa ufukweni na viatu na soksi nikisema nalinda mikoba. Hakunicheka. Amenisubiri miaka thelathini na moja niliseme mwenyewe, na kwa kuwa sikulisema, leo amenisaidia kulisema mbele ya watu wangu, ambao nao walikuwa wanalijua. (Ni kweli. Tulikuwa tunalijua.) Kuanzia hapa ni maneno yangu mimi, Katibu: Mwenyekiti asidhani amekimbiwa. Ila magoti ni yangu, na nimechoka kuyasoma kwenye mihtasari. Chini ya kitambaa cha jagi ipo tiketi moja ya boti ya Jumatatu. Haihitaji kikao. Asanteni kwa kunisikiliza. Makofi.

(Hata hilo la mwisho amelisoma. Hakuna aliyepiga.)

(Ameondoa jagi, ameinua kitambaa. Ameishika tiketi kwa mikono miwili kwa muda mrefu. Mkono wake umekwenda juu ukaikuta ile miwani, akaishusha machoni, na vioo vikaingia ukungu. Chai imeletwa, hakuna aliyeigusa. Halafu akasema, bila karatasi, kwa sauti ambayo mimi binti yake sijawahi kuisikia kikaoni:)

Mama, hivi pale ufukweni, maji yanaanzia wapi? Kiunoni au magotini?

(Mama mkwe amesema, "Yanaanzia vidoleni, baba. Unavua viatu tu.")

(Mwenyekiti amevua viatu hapo hapo sebuleni, kisha soksi, akazikunja akaziweka juu ya hotuba, akaenda chumbani kutafuta begi. Kikao hakikufungwa.)