Mstari wa Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha timu, ukumbini, saa kumi jioni. Mfadhili, yule mwenye kiwanda cha magodoro, hakuja. Ametuma barua. Amechoka kuifadhili timu ya mpira wa kikapu inayoshinda leo na kusinzia kesho. Anataka tumchague mchezaji mmoja awe nguzo, timu yote ijengwe juu yake. Huyo atapewa ajira ya mwaka mzima. Wengine wajitafutie. Jibu analitaka Alhamisi ya wiki ijayo.

Basi pakawaka! Wa kwanza Shemeji, kaka yake mke wangu. Yeye mtunza saa, mimi karani wa pointi, meza moja miaka kumi na minane bila kupendana hata siku moja. Akasema nguzo ni mfungaji, hakuna mjadala, nguzo ni Risasi. Katibu akapinga. Akasema Risasi anafunga viti vikiwa vitupu. Nguzo ni yule anayeujaza ukumbi. Kocha akasema wote wamepotea, nyota wa kweli ni yule anayewafanya wenzake wacheze kuliko uwezo wao.

Nikasimama mimi. Nikasema nguzo ni yule ambaye ukimtoa, kila kitu kinaanguka. Mtoeni, kisha mtazame kinachobaki! Wakageuka wote kunitazama. Nilijiona mtu mkubwa.

Halafu nikamtaja mpwa wangu, Mnara. Wakacheka mpaka katibu akafuta machozi.

Si haki. Mnara ni mrefu kuliko mlango wetu na hana roho mbaya. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu ana miaka sita. Asipochaguliwa atakwenda kwenye machimbo ya mawe, siku mbili kwa basi. Ameshajiandikisha. Sitaki aende. Nyumba itakuwa kubwa mno. Nimeliandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Lakini mfadhili anaamua kwa karatasi za meza. Na karatasi za meza anaandika nani? Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

Jumatano, 5 Machi

Mechi. Tumeshinda. Mpango umeanza.

Karatasi yetu ina mistari kumi na miwili ya wachezaji. Sisi tuna kumi na mmoja, Mnara wa mwisho, namba 8. Chini ya wachezaji kuna mstari wa karani, yaani mimi. Chini yangu mstari wa mtunza saa, panapomfaa. Kila ninachoandika kinashuka kwa kaboni hadi nakala mbili: ya waridi kwa katibu, ya njano kwa mfadhili, ingawa katibu ndiye anayeishika mpaka siku ya jibu. Nyeupe inabaki kwangu.

Nimemnyofoa Risasi pointi nane. Kumpa Mnara papo hapo ni ujinga, ukumbi mzima ulimwona akifunga mbili, na moja iliingia kwa bahati. Lakini jumla lazima ilingane na ubao. Kwa hiyo nikaziegesha mstari wa kumi na mbili, kama mtu anavyoegesha kwa jirani baiskeli isiyo na risiti. Namba 13. Hatujawahi kuwa na namba 13. Jina nikaandika Kimya, ili katibu asishangae kwa nini hajawahi kumsikia.

Nitazihamishia kwa Mnara kidogo kidogo. Akili ni nywele, na mimi sina kipara!

Alhamisi, 6 Machi

Katibu amepokea nakala. Kisha akauliza Kimya anavaa kiatu namba ngapi, maana kila akimwuliza mwenyewe hajibu.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikasema arobaini na sita.

Nikapita kwa mama anayetufulia jezi. Zilikuwa zimeanikwa. Nikazihesabu, sijui kwa nini. Kumi na mbili. Ya mwisho namba 13, imefifia kama ya miaka mingi. Nikamwuliza imetoka wapi. Akaniambia niache utani, hiyo ndiyo inayomsumbua kila wiki: haina jasho, haina harufu, ila haikauki.

Nimetafakari nikapata jibu. Ni Shemeji. Amegundua na ananichezea. Mtu bahili kama yule, kushonesha jezi nzima kwa ajili ya kunitisha! Kweli ananichukia.

Jumamosi, 8 Machi

Mechi. Niliapa kutomwandikia 13 hata pointi moja.

Robo ya pili refa akapuliza filimbi, akaja mezani kutuonyesha mwenye kosa kwa vidole, kama wanavyofanya. Kidole kimoja. Kisha vitatu. Nikamkodolea macho. Akarudia kwa hasira: kimoja, vitatu. Nikawahesabu wetu uwanjani kwa namba. Nne, tano, saba, nane. Wachezaji wanne. Nikahesabu vichwa. Vitano. Kalamu ikaandika bila kuniuliza.

Nahodha wa wapinzani alikuwa akisugua kiwiko na kumlalamikia mtu. Mtu huyo mimi nilimwona mgongo tu. Nilipohama kiti niuone uso, nao mgongo ukageuka. Nikahama tena. Ukageuka tena. Nikarudi kwenye kiti changu kwa heshima.

Mwisho wa mechi: Kimya pointi ishirini na mbili, pasi kumi na nne. Mnara pointi kumi na sita! Hajawahi! Karibu zote kwa pasi za yule.

Nimemwuliza Shemeji kama ameona chochote. Akajibu ameona saa, kwa sababu kazi yake ni saa, na mimi nitazame kalamu yangu. Jeuri mkubwa.

Jumapili, 9 Machi

Kikao tena. Safari hii hakuna ugomvi, na hilo ndilo lililonitisha. Wote sauti moja: nguzo ni Kimya. Kocha anasema anawainua wenzake. Katibu anasema watu wanajaa kwa ajili yake, ingawa nilipomwomba anieleze sura yake alianza sentensi tatu na hakumaliza hata moja. Hata Shemeji amemwacha Risasi! Akasema, akinitazama, kwamba karani siku ile alinena kweli: mtoeni Kimya, mtazame kinachobaki.

Nimeshindwa kwa hoja yangu mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nikasema ukweli. Nikasema hayupo, nimemtunga mimi, kwa kalamu hii. Wakanihurumia. Kocha akanishika bega akauliza kama ninalala vizuri. Katibu akanionyesha picha ya timu ya mwaka juzi, ile iliyoning'inia juu ya kabati siku zote. Wachezaji kumi na wawili. Kumi na mmoja wanaitazama kamera.

Nyumbani nikamwuliza Mnara. Akasema, aa mjomba, Kimya ni mtu mzuri, ila pasi yake inafika ya baridi, mpira kama umetolewa kisimani. Kisha akasema ameshafunga begi la safari, maana nguzo imepatikana. Mke wangu akaingia jikoni kulia. Mimi nikaingia chooni.

Jumatatu, 10 Machi

Dawa ya moto ni moto. Aliyeingia kwa kalamu atatoka kwa kalamu.

Nimemwomba katibu nakala, waridi na njano, nikasema nakagua jumla. Nikazipanga kwenye ubao wa kubania: nyeupe, kaboni, waridi, kaboni, njano. Rula juu ya mstari wa kumi na mbili. Rula ilikuwa ya baridi. Nikamkata Kimya kwa mstari mmoja mnyoofu, nikatia saini pembeni kama kanuni inavyotaka. Nakala nikazirudisha kabla katibu hajamaliza chai yake.

Nakala za chini sikuzikagua. Miaka kumi na minane mezani, nikague kaboni? Mwalimu wa hesabu hahesabu kwa vidole.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nimefungua chumba cha Mnara nimwamshe. Ndani kuna cherehani. Cherehani, mafungu ya vitambaa, na vumbi la miaka chini ya meza. Kitanda hakuna. Begi hakuna. Zile alama za penseli kwenye fremu ya mlango, tulipokuwa tukimpima urefu kila mwaka, hakuna.

Nikamwuliza mke wangu Mnara ameondoka saa ngapi. Akauliza Mnara gani. Nikasema mpwa wangu, mtoto wa dada! Akaweka sufuria chini. Akasema pole pole, kama anayemwambia mgonjwa, kwamba marehemu dada yangu hakujaliwa mtoto.

Nikapiga kelele. Nikampigia yeye, ambaye hana kosa. Kisha nikakaa kwenye kiti cha cherehani nikalia. Hili nalo hakuna anayesoma.

Nilipoweza kusimama nikachukua nyeupe, nikakimbilia ofisini kuilinganisha na nakala. Kwenye nyeupe, Kimya amekatwa. Kwenye waridi na njano, Kimya mzima! Kaboni zilikuwa zimeteleza, alama imepanda mstari mmoja juu. Aliyekatwa ni namba 8. Na pembeni yake saini yangu, nzuri kabisa.

Ofisi huhesabu nakala. Nyeupe ni ya karani peke yake.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata dawa! Jibu kwa mfadhili linakwenda kesho, kwa hiyo Mnara lazima aandikwe leo. Mstari uliokwisha kukatwa na kutiwa saini hauandikwi tena, ni kanuni; jina jipya huandikwa hapo hapo wakati wa kukata. Kimya sithubutu kumgusa. Mistari mingine ina watu wa watu, wana mama zao.

Lakini kuna mstari mmoja chini kabisa, chini ya wangu. Mtunza saa! Ana faida gani? Saa inatembea yenyewe. Ukimtoa Shemeji kitaanguka nini? Labda bei ya ugoro anaonusa.

Nimezichukua tena nakala. Rula. Nimemkata Shemeji kwa mstari mmoja mnyoofu na moyo mweupe. Hapo hapo, juu ya jina lake, nikaandika: Mnara. Kaboni ni zile zile. Sikukagua, kitu hakiwezi kuteleza mara mbili. Nimerudisha kila kitu, nimekuja nyumbani, sasa ni saa tisa alasiri na niko mezani sebuleni.

Imekubali! Mnara yuko uani! Namsikia anacheka, anagonga kichwa mlangoni kama kawaida yake, mke wangu anamwambia ainame. Kitanda kimerudi, nimekwenda kukishika. Alama za penseli zimerudi, zote. Kuhusu machimbo hakuna anayesema lolote. Mungu mkubwa. Nimelia tena, lakini kwa raha.

Kasoro moja tu: Shemeji naye yupo. Huyu hata kufutwa hajui! Ameingia akakaa mkabala nami bila salamu. Anamsifu Mnara eti miaka yote waliyokaa pamoja mezani hajawahi kuona karani mwenye mwandiko safi kama wake. Mnara anashukuru. Wamepanga kunitania, naona. Nimemwita Mnara. Hakugeuka. Nimemwita mke wangu. Amenuna bado kwa zile kelele za jana.

Sasa ameleta chai. Birika amelitua juu ya mkono wangu wa kushoto. Halichomi. Siku hizi hata maji hachemshi sawasawa! Vikombe vitatu. Nimehesabu: Mnara, Shemeji, yeye, na mimi. Wanne. Hesabu zilimshinda tangu zamani.

Sawa. Waendelee na utani wao. Kesho namrudia Shemeji, na safari hii nitakandamiza kalamu kwa nguvu zaidi.