Uzinduzi wa Njia ya Maelewano, Kafr Zahran

Mheshimiwa Mkuu wa Jimbo, uliyewakilishwa na kiti chako; Mheshimiwa Imamu; Mheshimiwa Daktari wa Mifugo; Mheshimiwa mkwe wangu Hagi Bayumi, uliyekaa mbele bila kuitikia salamu yangu; wananchi wote, itifaki imezingatiwa: mimi, Shauki Dakruri, Mkurugenzi wa Maelewano ya Kaya, (makofi ya karani wake) ninazindua njia ya mita mia tisa kando ya mfereji, inayoanzia ofisini kwangu na kuishia, kwa mujibu wa tathmini ya kitaalamu, mlangoni pa Hagi Bayumi. (Vicheko.)

Utafiti shirikishi umebaini kwamba wanandoa wakiketi hutazamana, wakitazamana hukumbushana, ilhali wakitembea bega kwa bega kila mmoja hutazama mbele, na asilimia themanini na saba ya ugomvi huisha kabla ya kona, uliosalia ukimalizwa na muuza punje za turmusi za kutafuna, maana mdomo uliojaa haujibu. (Sauti ya mwanamke: “Wewe umewahi kutembea na nani, Bwana Mkurugenzi?”)

Mdau huyo ni Mama Hanani, mke wangu Nagati, ambaye leo ni siku ya arobaini yuko kwa baba yake na begi lake, kwa sababu ambazo kamati inazichunguza. (“Kamati gani! Harusini kwa dada yangu ulinitangulia hatua ishirini, nikaingia peke yangu kama mjane!”) Hoja imepokelewa. Aidha, desturi inamtaka mume aende mwenyewe kumfuata mkewe, nami katika utekelezaji nimeshapeleka barua tatu zenye muhuri. (Hagi Bayumi: “Nimezifungia jibini barua zako!”)

Kwa hiyo tuseme sote: Hatua kwa hatua, kaya imara! Bega kwa bega! (Punda analia.)

Namalizia kwa kuwashukuru wahandisi, wakandarasi na wafadhili, ambao hawapo, kwani hawakuwahi kuwapo. Na nikiukata utepe huu, (anakata) mnachokiona ni matope na nyati wa kufugwa wa Hagi, kwa sababu njia haijajengwa wala kuchorwa, niliitunga ofisini nipate sababu ya kumwita Nagati mbele za watu, maana kubisha hodi kwa baba yake naona haya, na nyumba imenishinda. Asanteni.

(Nagati anasimama, anakusanya pindo la gauni: “Vua viatu, Baba Hanani. Twende tukalichukue begi. Na leo usinitangulie.”)